Wabebaji wa kaboni baharini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kaboni hufika vilindini kwa mizoga na mabaki yanayozama tu."
Nyingi hushuka hivyo, kweli. Lakini nyingine hubebwa na walio hai, na mvuvi wa omena pale Dunga, Kisumu, atalielewa hili haraka kuliko wengi wetu. Yeye huwasha taa majini usiku usio na mbalamwezi kwa sababu omena hupanda giza likiingia, na mchana hushuka. Baharini mtindo ni huo huo, ila kwa wingi wa kutisha: kopepodi (vijidudu vya jamii ya kamba) wadogo kuliko punje ya mchele, krili (vikamba vidogo), ngisi na visamaki vinavyong'aa hupanda jioni kula, kisha alfajiri hushuka mita 200 hadi 1,000 kuwakwepa wawindaji wanaotegemea macho. Walichokula juu, pamoja na kaboni iliyomo, hukipumua na kukinya chini. Ni wengi mno, hata wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mitambo ya sauti ya wanamaji wa Marekani iliwasoma kama sakafu ya bahari. Sakafu inayopanda usiku!

"Basi Ziwa Victoria nalo huficha kaboni hivyo hivyo."
Halina kina. Penye kina zaidi ni kama mita 80, na kila mwaka, katikati ya mwaka, upepo na baridi huyakoroga maji ya juu na ya chini. Isitoshe, mabuu ya wale wadudu wanaotanda juu ya ziwa hujificha topeni mchana, hupanda usiku, halafu huota mbawa na kuondoka na kaboni yao.

"Ikishafika chini imezikwa milele."
Inategemea kina. Ya karibu na juu huweza kurudi baada ya miaka michache. Iliyopita mita 1,000 hukaa karne. Mabingwa wa kuishusha, kwa maoni yangu, ni kopepodi *Calanus finmarchicus* wa Atlantiki ya Kaskazini: hunenepa wakati wa chakula, kisha hushuka mamia ya mita kupitisha baridi bila kula, wakiunguza mafuta yao polepole kwa miezi.

"Wanyama hawa watatufutia moshi wetu."
Hapana. Bahari humeza karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa, lakini hasa kwa gesi kuyeyuka majini na mikondo kuishusha. Pandashuka ya wanyama ilikuwepo kabla ya viwanda, hivyo haifuti moshi tuliouongeza. Tena gesi hiyo huongeza asidi majini, na konokono wadogo waogeleao, ambao nao hupanda na kushuka kila siku, huanza kulika magamba.