Je, wajua kwa nini idara ya ujasusi haivunjwi tu udikteta unapoanguka?

Wengi hudhani dawa ni moja: makachero wa zamani watimuliwe wote, ofisi zifungwe. Mfano unaotajwa ni Stasi ya Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na watumishi wapatao 91,000, ikafutwa mwaka 1990. Lakini Ujerumani Magharibi tayari ilikuwa na idara zake za ujasusi, na muungano ulipokuja Oktoba mwaka huo zikaichukua kazi. Kwingine hakukuwa na idara ya akiba. Romania iliivunja Securitate, polisi wake wa siri, Desemba 1989. Machi 1990 ikaunda SRI, idara mpya ya ujasusi, na maofisa wengi wa zamani wakarudi kazini. Afrika Kusini, mwaka 1995, iliwaweka majasusi wa serikali ya ubaguzi na wale wa ANC, waliokuwa wakiwindana, chini ya paa moja.

Mageuzi yenye uzito huanza pale jasusi anapopokonywa pingu, yaani uwezo wa kukamata.

Stasi ilisikiliza simu, ikakamata, ikahoji, ikafunga watu katika mahabusu zake yenyewe, kama Hohenschönhausen mjini Berlin. Kenya nayo, miaka ya 1980 watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, mikononi mwa makachero waliokuwa na uwezo wa kukamata. Katika mfumo wa namna hiyo taarifa mbovu haina wa kuipinga: aliyeileta ndiye anayeipima, na aliyeteswa atakiri chochote ili mateso yakome. Sheria ya Kenya ya 1998 iliunda NSIS, idara ya ujasusi isiyo na uwezo wa kukamata.

Mgawanyo huo ni kama ghala lenye kufuli kadhaa, kila ufunguo kwa mtu wake. Jasusi akimshuku mtu, sharti awashawishi polisi. Polisi nao wampelekee mwendesha mashtaka ushahidi. Kisha hakimu aupime. Kila hatua yupo mtu asiyemtegemea jasusi kwa mkate wake, na ana haki ya kuuliza: umejuaje?

Hata hivyo, jasusi asiye na pingu bado ana simu za kunasa na fedha za siri. Katiba ya Afrika Kusini inadai awepo mkaguzi wa kiraia wa idara za ujasusi, anayeidhinishwa na theluthi mbili ya Bunge. Lakini kibali chake cha usalama, cha kumruhusu kuona siri, kilitolewa na idara ileile anayoikagua, na mwaka 2018 mkuu wa idara hiyo alimfutia kibali mkaguzi aliyekuwa akimchunguza.