Nyurofidibaki: ubongo kujifunza kutulia

Nyurofidibaki ni nini hasa?

Ubongo hauachi kutoa umeme, hata ukiwa umelala. Daktari Mjerumani Hans Berger aliurekodi umeme huo kwa binadamu mwaka 1924, mjini Jena, na ndiko ilikotoka EEG, kipimo ambacho hospitali hutumia kuchunguza kifafa. Kwenye nyurofidibaki kipimo ni hichohicho, ila majibu unaonyeshwa wewe mwenyewe, papo hapo, ili ubongo ujirekebishe.

Nikienda nitafanywa nini?

Unakaa kitini. Mhudumu anakusugua kidogo ngozi ya kichwa, anapaka jeli, anabandika visahani vidogo vyenye waya kichwani na masikioni. Waya hazikuingizii umeme, zinasikiliza tu. Mbele yako kuna filamu. Mawimbi ya umeme wa ubongo wako yakienda yanakotakiwa, picha inang'aa. Ukikaza taya au kuanza kuwaza ada ya watoto, inafifia. Ukiilazimisha ing'ae, ndiyo kwanza inazidi kufifia. Kikao huchukua nusu saa au zaidi kidogo, na kwa kawaida watu hupangiwa vikao 20 hadi 40.

Ilijulikanaje kwamba ubongo unafunzika?

Kwa paka. Miaka ya 1960 huko Los Angeles, mtafiti Barry Sterman aliwazawadia chakula kila walipotoa mawimbi ya mizunguko 12 hadi 15 kwa sekunde, mawimbi ya mnyama aliyetulia tuli lakini yu macho. Baadaye, alipochunguza kwa paka sumu ya mafuta ya roketi, ambayo huleta degedege, wale waliofunzwa walichelewa kushikwa nayo kuliko wenzao. Mimi jambo hili hunigusa, maana paka hajui kama anatibiwa, wala hawezi kujipa moyo.

Basi inaponya wasiwasi na kukosa usingizi?

Hapa twende taratibu, kwa sababu mtu aliyechoka kukesha yuko tayari kulipa chochote. Watafiti wa Salzburg, Austria, walichapisha mwaka 2017 jaribio la watu wasiopata usingizi: walipewa vikao vya kweli na vya kuigiza bila kujua kipi ni kipi, na nafuu waliyoieleza ilikuwa ileile kwa vyote. Mwaka 2016 huko Marekani, watu 52 wenye majeraha ya muda mrefu ya nafsi walijaribiwa, na waliopata vikao walipata nafuu kubwa. Lakini wenzao waliolinganishwa nao walikuwa wakisubiri zamu tu, hawakupewa hata kikao cha kuigiza. Nionavyo, kutulia nusu saa huku mtu anakushughulikia kwa upole kuna nguvu yake, mashine iwepo isiwepo. Kabla ya kulipa, muulize mhudumu amesomea wapi na atajuaje kwamba haikusaidii.

Ina madhara?

Si makubwa: kichwa kuuma, uchovu, kuudhika upesi. Mwenye kifafa aanze kwa ruhusa ya daktari wake, na dawa zisiachwe.

Nilipo hakuna mashine hizo. Nifanyeje?

Kaa, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Vuta hewa kwa pua ukihesabu sekunde nne, itoe kwa sita. Utasikia mapigo yanapungua kasi unapotoa hewa: ni neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi moyoni, inayouambia moyo upole. Fanya dakika kumi kila jioni. Usingizi ukikukimbia wiki kadhaa, au ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.