Msaada unaodhuru: alichokiona Joan McCord

Madhara ya tiba ni maradhi ambayo mgonjwa asingeyapata lau asingetibiwa. Madaktari wanalijua hilo tangu zamani. Kwamba hata kumsaidia kijana asiingie kwenye uhalifu kunaweza kumharibu, hilo wengi hawakulifikiria mpaka alipolithibitisha Joan McCord, mwanasosholojia na mtaalamu wa uhalifu aliyezaliwa New York mwaka 1930.

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, Massachusetts, ulianza mradi wa kuwazuia wavulana wasiingie kwenye uhalifu, uliobuniwa na daktari Richard Cabot. Wavulana walipangwa wawili wawili, wanaofanana kwa umri, familia na mtaa. Kisha ikarushwa sarafu: mmoja asaidiwe, mwenzake aachwe kama alivyo. Aliyebahatika alitembelewa na mshauri takriban mara mbili kwa mwezi, kwa wastani wa miaka mitano na nusu. Alifundishwa masomo, alitibiwa, na wengine walipelekwa kambini majira ya joto.

Katika miaka ya 1970 McCord aliwatafuta wote 506, ambao sasa walikuwa watu wazima. Alipekua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo. Theluthi mbili hivi ya waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa, na wengi walimkumbuka mshauri wao kwa mapenzi. Kumbukumbu za mahakama na hospitali zilisema vingine. Waliosaidiwa hawakuwa wamehukumiwa mara chache zaidi kuliko wenzao walioachwa. Waliowahi kukosea walielekea zaidi kurudia. Dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwao, na walikufa mapema zaidi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1978.

Mimi huifikiria sana ile sarafu. Bila yule mwenzake aliyeachwa, ushahidi wote ungekuwa shukrani za watu wazima wanaoukumbuka mradi kwa wema, na mradi ungesifiwa hadi leo.

Baadaye aligundua kuwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja ndio walioharibikiwa kupita wenzao. Maelezo yanayoelekea kuwa kweli ni kwamba vijana waliokusanywa pamoja husimuliana makosa yao, na anayechekesha zaidi ndiye hupata heshima.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wataalamu wa uhalifu cha Marekani. Akiwa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, aliendelea hadi kufariki mwaka 2004 kudai kuwa miradi ya vijana ipimwe kama dawa zinavyopimwa, kwa kutafuta faida na madhara pia.