Vaskulitisi ya ngozi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ni mzio huo, paka mafuta." Hapana. Katika vaskulitisi, kuta za mishipa midogo ya damu huvimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, damu ikavujia ngozini na kuacha madoa. Ndiyo maana doa halififii ukilikandamiza kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo papasa miguu: mara nyingi doa limeinuka. Haiambukizi, wala si kurogwa.

"Iko kwenye ngozi tu, haina hatari." Dhana hii inanitisha kuliko zote. Mishipa ya figo inaweza kuwa inaharibika wakati huohuo, pasipo maumivu yoyote. Kipimo rahisi cha mkojo hufichua damu na protini mapema. Watoto hupata zaidi aina ya IgA (kingamwili iitwayo IgA hunasa kwenye kuta za mishipa), mara nyingi baada ya mafua au maumivu ya koo. Mkojo na presha yao vifuatiliwe kwa miezi kadhaa, hata madoa yakiisha.

"Prednisoloni ni sumu, ukipata nafuu iache." Madhara ya dawa hii ya steroidi, inayotuliza kinga, yapo kweli: sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika. Lakini ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zako za juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo. Ukiacha ghafla, presha inaweza kushuka hadi ukapoteza maisha. Daktari ndiye hupunguza dozi, kidogo kidogo. Kwetu kuna la ziada: kabla ya kushusha kinga kwa dawa kali, ulizia vipimo vya kifua kikuu, homa ya ini B na minyoo ya strongiloidi, ambayo prednisoloni inaweza kuifanya isambae mwili mzima.

"Nimepewa dawa ya saratani, basi nina saratani." La. Siklofosfamaidi na rituksimabu hutuliza kinga pale ugonjwa unapofika kwenye figo, mapafu au neva. Mwaka 1958 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa wa aina moja kali: kwa wastani waliishi miezi mitano tu. Leo wengi wao huishi miaka mingi. Siklofosfamaidi inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, kwa hiyo anayetaka watoto aseme kabla ya dozi ya kwanza.

Wala si kila mgonjwa anahitaji dawa hizo. Ikiwa ni ngozi pekee na chanzo ni dawa fulani, daktari akiisitisha, mgonjwa akapumzika na kuinua miguu, madoa mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Yakirudi mara kwa mara, kuna dawa za kolkisini au dapsoni. Ila kabla ya dapsoni pima G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwa sababu upungufu wake ni wa kawaida Afrika Mashariki na dawa hiyo inaweza kuzivunja chembe hizo.