Mnyororo wa maambukizi katika vituo vya kulelea watoto mchana

Watoto watatu wa kituo kimoja wakiharisha ndani ya wiki moja, wazazi huanza kulaumu maji, kisha chakula, na mwisho anatafutwa mtoto aliyeuleta ugonjwa. Lawama hizo hazizuii mtoto wa nne kuugua. Kinachosaidia ni kuelewa kile ambacho wataalamu wa afya hukiita mnyororo wa maambukizi.

Ugonjwa wa kuambukiza hupita hatua kwa hatua. Kuna kimelea chenyewe, kiwe kirusi, bakteria au yai la mnyoo. Kuna mahali kinapoishi, na kwenye kituo cha watoto mara nyingi ni tumboni au puani mwa mtoto mwingine. Kuna mlango kinapotokea, njia kinayosafiria, mlango kinapoingilia, na mwisho yupo mtoto ambaye mwili wake hauna kinga. Hatua zote sita zikishikana, mtoto anaugua. Ikikatika moja tu, ugonjwa unaishia hapo. Kwa mlezi mwenye watoto wengi na msaidizi mmoja, hii ni habari njema sana, maana hatakiwi kupigana na kila kimelea kilichopo duniani. Anatakiwa kuijua hatua iliyo karibu na mkono wake.

Chukua kituo cha mtaani pale Mtwara mjini, tuseme Magomeni au Chikongola, nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na baraza. Saa tatu na nusu asubuhi mtoto wa mwaka mmoja amechafua pampasi. Mlezi anamlaza kwenye mkeka uleule wanaochezea wenzake, anamfuta, anaifunga pampasi kwenye mfuko, halafu anachovya mikono kwenye ndoo bila sabuni kwa sababu sabuni iko ndani na mtoto mwingine ameshaanza kulia. Saa nne uji umeiva. Anagawa vikombe huku amevishika ukingoni, palepale midomo ya watoto itakapogusa. Kirusi cha rota, ambacho ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuhara kwa watoto wadogo, hukaa hai kwa saa kadhaa mikononi na kwa siku kadhaa juu ya vitu, na kiasi kidogo mno kinatosha kuuguza. Siku mbili hivi baadaye mtoto wa pili anaanza kutapika. Wakati huo hakuna anayeikumbuka tena ile pampasi.

Ukiutazama mnyororo huo utaona kwamba njia yote ilikuwa mikono ya mtu mmoja, tena mtu mwema anayejituma. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ulinzi wa kituo hauanzi kwa kumfukuza mtoto mgonjwa. Unaanza kwa mpangilio wa kazi. Kubadilisha nepi kuwe na mahali pake, mbali na jiko na mbali na mkeka wa kuchezea, na hapohapo pawe na maji, sabuni na ndoo yenye mfuniko ya kutupia. Sabuni iliyoko chumba cha pili haitumiki, hata mlezi awe na nia njema kiasi gani. Wakiwepo walezi wawili, anayebadilisha nepi siku hiyo asigawe chakula. Akiwa mmoja, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa sekunde zisizopungua 20. Na mtoto aliyebadilishwa naye anawe, kwa sababu mkono wake ulikuwa huko chini wakati wote.

Hapa kuna kosa moja ambalo limezoeleka mno kwenye vituo na hata majumbani: beseni moja la kunawia. Watoto wanapanga mstari, kila mmoja anachovya mikono kwenye maji yaleyale, na wa mwisho anachovya kwenye uchafu wa wote waliotangulia. Zoezi hilo linaonekana ni usafi, kumbe linagawa vimelea kwa usawa. Dawa yake haina gharama. Kopo na mtu wa kumimina vinatosha, au kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye tundu dogo, linaning'inizwa kwenye miti miwili na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu. Mtoto hagusi kitu kwa mkono isipokuwa sabuni, maji yanatoka kidogo kidogo, na watoto wanapenda kuikanyaga kamba hiyo mpaka inabidi wazuiwe. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja katika mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, zimeonyesha kwamba kuhimiza kunawa mikono kwenye vituo vya watoto na shuleni hupunguza kuhara kwa takribani asilimia 30. Sehemu kubwa ya tafiti hizo zilifanyika nchi tajiri zenye maji ya bomba, lakini kirusi cha rota ni kilekile.

Nayasema ya maji kwa sababu huku kwetu ni jambo zito. Juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ardhi ni ya kichanga na mvua huzama chini. Tangu enzi na enzi vyanzo vya maji viko bondeni. Sasa tazama kalenda. Msimu wa korosho unapamba moto kuanzia Oktoba, mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yameadimika kuliko wakati mwingine wowote. Ndio wakati huohuo mama yuko shambani tangu alfajiri akiokota korosho na mtoto inabidi abaki kwa mtu. Kituo kinahitajika zaidi wakati maji ni machache zaidi. Mabibo yako kila mahali, embe nazo zinafuata, na inzi wanafuata vyote viwili. Mwenye kituo akiwa na ndoo mbili tu za maji kwa siku, nampa ushauri huu bila kusita: maji ya kunawa mikono baada ya choo na kabla ya uji yawekwe kando kwanza, ndipo yafikiriwe ya kudeki. Sabuni ikiisha, majivu safi ya jikoni yanasaidia kusugua, ingawa hayafiki sabuni.

Kuna imani moja lazima tuiseme waziwazi, kwamba mavi ya mtoto mdogo hayana madhara. Yana madhara, na mara nyingi kuliko ya mtu mzima, kwa kuwa watoto wadogo ndio wanaoharisha zaidi na ndio wanaobeba vimelea bila dalili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafanya Watanzania wengi wachimbe vyoo, na tunashukuru, lakini tundu la choo lilichimbwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu analiogopa, na ana haki ya kuliogopa. Anakwenda nyuma ya nyumba. Kituo kiwe na poti za kutosha, kila moja imwagwe chooni na kuoshwa mara tu baada ya kutumika, au kiwe na choo chenye tundu dogo la kipimo cha mtoto. Kinyesi au matapishi yakimwagika sakafuni, yazolewe kwanza, paoshwe kwa sabuni, kisha papakwe dawa ya klorini na kuachwa dakika 10. Ikiwa lebo ya chupa ya jiki inasema asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, na chupa ikae mahali ambapo mtoto hafiki.

Magonjwa ya njia ya hewa yana mnyororo wake, na kifaa chake kikubwa kwenye vituo vyetu ni kanga. Mlezi amejifunga kanga kiunoni. Mtoto anatoka makamasi, anafutwa kwa pindo. Dakika mbili baadaye mwingine naye anafutwa kwa pindo lilelile. Mpaka mchana kanga moja imepita kwenye pua za kituo kizima. Ni tendo la upendo, na bibi zetu walitufuta hivyohivyo, ila wao walikuwa na wajukuu wanne, si watoto ishirini kutoka kaya ishirini. Kila mtoto aje na vitambaa vyake viwili vya pamba vyenye alama, virudi nyumbani jioni vikafuliwe. Wakati wa usingizi wa mchana watoto walazwe kwa kupishana, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na pawe na nafasi ya mita moja kati yao panapowezekana. Madirisha yawe wazi. Wengi huyafunga wakihofia mbu, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Basi waweke wavu dirishani au chandarua juu ya mkeka. Malaria haitoki kwa mtoto kwenda kwa mtoto kwa kugusana, na hakuna sababu ya kumtenga mwenye malaria. Lakini ahudumiwe siku hiyohiyo.

Hapo tunafika kwenye swali linalogombanisha walezi na wazazi: nani abaki nyumbani? Mama anamleta mtoto saa kumi na mbili na nusu, "Mwalimu, usiku alichemka kidogo tu, nimempa panado, sasa hivi mzima." Kweli, asubuhi anaonekana mzima. Saa tano dawa inaisha nguvu, joto linapanda, na mama yuko shambani ambako simu haishiki. Simlaumu mama huyo hata kidogo. Siku moja ya korosho asiyoiokota ni fedha iliyopotea. Ndiyo maana sheria za kituo ziwe chache na zenye sababu, zielezwe siku ya kuandikisha mtoto na si siku ya ugomvi. Mafua mepesi bila homa hayamzuii mtoto kuja. Watoto wa umri huu huugua mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na kwenye kundi huwa zaidi. Kirusi kimeshafika kwa wenzake kabla pua haijaanza kuchuruzika, hivyo kumrudisha kunasaidia kidogo mno. Kwa kuhara au kutapika ni tofauti: abaki nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga, mpaka malengelenge yote yakauke na kuwa magamba. Upele unaowasha usiku, mpaka apakwe dawa, na kaya nzima ipakwe naye, vinginevyo utarudi. Minyoo na mapunye yatibiwe, lakini mtoto asifukuzwe kwa ajili yake.

Surua haina mjadala. Kirusi chake kinaweza kubaki hewani ndani ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu kumi wasio na kinga waliokaa naye, tisa wataambukizwa. Mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijatokea na huendelea mpaka siku nne baada ya kutokea. Hakuna mlezi anayeweza kuikata surua kwa sabuni. Inakatwa kwenye hatua ya mwisho ya mnyororo, yaani kinga. Nchini kwetu chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili miezi 18. Ile ya pili ndiyo wazazi wengi huisahau kwa sababu mtoto ameshatembea na kliniki imeshazoeleka kama ya wachanga. Chanjo ya rota na ile ya kuzuia kichomi huanza wiki ya 6. Mlezi aombe kadi ya kliniki siku ya kwanza na aifungue aisome. Mtoto wa miezi sita aliyeko kituoni hajafikia umri wa chanjo ya surua, kwa hiyo anategemea chanjo za wenzake wakubwa.

Mtoto akianza kuharisha akiwa kituoni, mlezi ampe maji ya chumvichumvi ya ORS kila baada ya choo, mililita 50 hadi 100 kwa aliye chini ya miaka miwili, 100 hadi 200 kwa aliyezidi hapo, huku mzazi akipigiwa simu. Asimpe mabaki ya dawa ya antibiotiki ya mtoto mwingine. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea hata kuamka ni shida, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, aende kituo cha afya mara moja, mzazi atamkuta hukohuko. Kwa hiyo namba mbili za simu kwa kila mtoto ni lazima, na ya pili iwe ya mtu ambaye hayuko shambani.

Jambo moja dogo linabaki, nalo ni daftari. Tarehe, jina la mtoto, dalili, saa zilipoanza, alikula nini na nani alimhudumia. Wakiharisha wawili au zaidi ndani ya siku chache, ukurasa huo ndio wa kumwonyesha afisa afya wa kata. Ataweza kuona kama wote walilala mkeka mmoja, kama walianza siku moja baada ya chakula kilekile, au kama walifuatana mmoja mmoja kwa mikono ya mlezi yuleyule, na kila jibu kati ya hayo litamwonyesha pa kuukata mnyororo.