Kwa nini mtu akikata tamaa tunasema "karusha taulo"?

Je, wajua huu msemo wa kurusha taulo, ule fulani akiacha biashara utasikia "huyo kasharusha taulo", tumeuchukua kwa Waingereza na wao wameutoa kwenye ngumi? Na zamani wala haikuwa taulo, ilikuwa sponji.

Iko hivi, miaka ya 1800 huko Uingereza na Marekani watu walikuwa wanapigana ngumi kavu, hakuna glovu, na raundi haikuwa na dakika, inaisha pale mtu akianguka, anapewa sekunde 30 apumue halafu arudi katikati. Kwenye kona yake kuna wasaidizi na ndoo ya maji na sponji ya kumfutia damu. Wakiona mtu wao hawezi tena wanairusha ile sponji juu, basi, pambano limeisha.

Mfano mzuri ni pambano la tarehe 8 Julai 1889 huko Richburg, Mississippi, John L. Sullivan na Jake Kilrain. Jua kali, raundi 75, masaa mawili na dakika kama 16, hebu fikiria! Mwishoni Kilrain hajiwezi kabisa lakini bado anataka arudi, ndo Mike Donovan aliyekuwa kwenye kona yake akaona hapana huyu atakufa, akarusha sponji.

Baadae glovu zikatawala, raundi zikawa za dakika 3, na miaka ya mwanzo ya 1900 taulo likachukua nafasi ya sponji. Ila kurusha tu haitoshi, refa ndo mwenye neno la mwisho. Tarehe 22 Juni 1938 pale Yankee Stadium, New York, Joe Louis alimshushia Max Schmeling kipigo raundi ya kwanza tu, kona ya Schmeling ikarusha taulo ulingoni, refa akaliokota akalitupa pembeni likabaki linaning'inia kwenye kamba, maana sheria za New York zilikuwa hazilitambui, halafu akalisimamisha pambano mwenyewe. Yote hayo ndani ya sekunde 124.

Sasa kuna kitu naona tunakipoteza tukiutumia huu msemo. Sisi tunamaanisha mtu kakata tamaa mwenyewe, kabwaga manyanga. Lakini ulingoni bondia harushi taulo, anayerusha ni mtu wa kona yake, anayemjua vizuri na anayeona vitu ambavyo yeye akiwa na hasira na damu machoni hawezi kuviona. Mara nyingi bondia mwenyewe anakuwa bado anataka kupigana, kama Joe Frazier alipopigana na Muhammad Ali kule Manila, Ufilipino, 1975, kocha wake Eddie Futch alimzuia asitoke raundi ya 15 na yeye analalamika.

Na yule Kilrain? Aliishi miaka mingine 48, akafariki 1937. Sullivan alipokufa 1918, Kilrain alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza lake.