Kudraftiwa si kusajiliwa

Juzi nimekaa kwa kinyozi, mashine iko nyuma ya sikio, redio ikasema kijana mmoja wa huku kwetu anayecheza kikapu chuoni Marekani "amesajiliwa NBA", ligi kubwa ya kikapu ya huko. Kinyozi akazima mashine ashangilie. Mimi nikabaki na nusu kichwa na hamu ya kubisha, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa ndogo zaidi: kijana alikuwa ametangaza kuingia kwenye drafti. Sio mara ya kwanza nasikia hivyo, wala ya kumi.

Drafti ni zoezi la kila mwaka ambapo timu 30 za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi mbili. Timu ikikuchagua, inakuwa ndiyo pekee katika ligi hiyo yenye haki ya kuzungumza nawe mkataba. Basi.

Neno lenyewe ndilo tamu. Linatokana na kitenzi cha zamani cha Kiingereza cha kuvuta na kukokota. Bia inayovutwa kutoka kwenye pipa inaitwa hivyo, maksai wa kukokota plau vilevile. Andiko la awali, ambalo sisi tunaliita rasimu, limo kwenye ukoo huohuo, kwa kuwa kalamu huvuta mistari. Hata drafti yetu ya vizibo vya soda chini ya mwembe imo: kusogeza kete kuliitwa kuivuta. Jeshini neno likawa na maana ya askari wanaochomolewa kwenye kundi kubwa wapelekwe kwingine, kisha Wamarekani wakalitumia kwa kuandikisha vijana jeshini kwa lazima. Michezo ikalichukua huko.

Kote humo yupo anayevuta na kipo kinachovutwa. Kete haichagui mkono. Usajili tunaoujua sisi, ule wa Simba na Yanga, una watu wawili waliokubaliana na kalamu mezani. Siku ya drafti unapewa kofia, unapeana mkono na kamishna wa ligi, picha zinapigwa, na hakuna ulichosaini. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza ana uhakika mkubwa wa mkataba. Wa raundi ya pili anaweza kuzeeka bila kuuona.

La pili linaloniudhi ni "mchezaji wa kimataifa". Watu hudhani ni suala la pasipoti. Kanuni za drafti hazitazami pasipoti. Zinauliza umeishi na kucheza wapi, na kama umewahi kusoma chuo cha Marekani. Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, lakini alisoma sekondari Houston na kucheza miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa kanuni hizo hakuwa wa kimataifa. Na tofauti haikuwa ya maneno tu. Mchezaji wa kimataifa huingia kwenye drafti moja kwa moja mwaka anaotimiza miaka 22, na Thabeet, aliyezaliwa Februari 1987, alitimiza 22 mwaka 2009. Angekuwa amebaki nje ya Marekani, jina lake lingeingia bila kuomba. Kwa kuwa alikuwa na mwaka mmoja chuoni bado, ilibidi ajitangaze mwenyewe. Memphis wakamchukua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry, ambao baadaye wakawa nyota wakubwa. (Ndiyo, najua. Tuliache.)

Hapo ndipo watu huchanganya milango miwili. Ruhusa ya kucheza chuo inatolewa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambacho kinakagua ulikotoka: umelipwa nini, na nani. Ruhusa ya drafti ni ya NBA, na jambo kubwa kwao ni umri. Lazima utimize miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti. Enes Kanter wa Uturuki alifungiwa mlango wa kwanza kabisa, kwa kuwa klabu yake ya Fenerbahçe ilimpa dola 33,033 zaidi ya gharama zake halali. Hakucheza hata mechi moja Chuo Kikuu cha Kentucky alikokuwa amejiunga. Mwaka 2011 Utah wakamchagua wa tatu.

Kinyume chake ni James Nnaji wa Nigeria. Alichaguliwa wa 31 mwaka 2023, haki zake zikahamishwa toka timu hadi timu kama kete, naye akiendelea kuchezea klabu za Ulaya bila kusaini mkataba wowote wa NBA. Desemba 2025 akajiunga na Chuo Kikuu cha Baylor, NCAA wakamruhusu kucheza. Makocha wengine walipandwa na hasira, lakini kama angekuwa "amesajiliwa" mwaka ule, habari hiyo isingewezekana.

Nilimweleza kinyozi yote haya kwa lugha ya hapa mtaani: kijana ametia nia. Amechukua fomu.

"Kumbe hata kura za maoni bado?"

Bado. Na akiona upepo mbaya, anaweza kuondoa jina lake kabla ya siku ya mwisho, akaendelea na chuo chake.

Akawasha mashine, akamalizia upande wa pili.